Spiriti ya Maabara na Pombe ya Kilabuni

Kwa miaka 27 nilikula mshahara wa kusoma makohozi. Mgonjwa anakohoa asubuhi na kutema ndani ya kikopo, nami napaka kiasi kidogo cha makohozi hayo juu ya kioo, nakikausha, nakipitisha kwenye moto, nakimwagia rangi nyekundu na kuipasha mpaka ifuke mvuke. Kisha inafuata hatua ambayo wanafunzi wa mafunzo ya vitendo walikuwa wakiishangaa kila mwaka: kioo kinaoshwa kwa mchanganyiko wa tindikali na alkoholi kali. Vyote vilivyomo katika makohozi hupoteza rangi, isipokuwa bakteria wa kifua kikuu, kwa maana ukuta wake umejaa mafuta mazito mfano wa nta, na rangi ikishamwingia haimtoki kirahisi. Ukimalizia kwa rangi ya buluu, unamkuta chini ya hadubini amelala kama kijiti chekundu katika uwanja wa buluu.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ya mjomba wangu, kaka yake mama, fundi seremala wa Rombo, Kilimanjaro, ambaye nitaeleza habari zake kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina. Desemba moja, miaka michache kabla sijastaafu, nilipanda mlimani kwa Krismasi kama tunavyofanya Wachagga wengi, nikamkuta suruali imemlegea kiunoni na anakohoa kwa namna ambayo sikio la mtu wa maabara halikosei. Nilipomwamkia na kumuuliza kikohozi hicho kina muda gani, alinijibu kwamba ni vumbi la mbao tu, tena ameshalipatia dawa: konyagi yenye tangawizi na ndimu kila usiku kabla ya kulala. Nilipotikisa kichwa akanicheka. "Wewe mwanangu ndiye wa kunikatalia? Si mlisema wenyewe kwamba maabara mnafuta meza kwa spiriti ili kuua wadudu? Basi na mimi nafuta ndani."

Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia tu kwamba pombe ni mbaya kwa afya, jibu ambalo mnywaji yeyote ameshalisikia mara elfu na limeshaacha kuingia masikioni. Hoja yake ilistahili kujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Spiriti tuliyokuwa tukifutia meza ina alkoholi ya asilimia 70, yaani sehemu 700 katika kila 1,000. Kwa ukali huo, na ikiachwa juu ya meza kwa muda wa kutosha, kweli inamuua hata bakteria wa kifua kikuu pamoja na nta yake. Bia ya kawaida ina sehemu 50 katika 1,000, na konyagi sehemu 350. Lakini kinywaji kikishapita kooni hakibaki na ukali wake, kwa sababu kinakwenda kuchanganyika na makumi ya lita za maji ya mwili. Mtu aliyelewa hadi anayumba njiani huwa na gramu 1 au 2 za alkoholi katika kila lita ya damu, yaani sehemu 1 au 2 katika 1,000. Akifika 4 au 5 yuko katika hatari ya kuacha kupumua. Kwa hiyo hakuna njia yoyote ambayo binadamu aliye hai anaweza kunywa pombe ya kutosha kumuua mdudu aliye ndani ya pafu lake. Mwenye pafu atatangulia. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nilipaswa kumwambia mjomba tangu mwanzo: kiasi hicho kidogo ambacho mdudu hakisikii kabisa kinatosha kuzilewesha chembe nyeupe za damu zilizowekwa kumkamata.

Kosa hilo si la mjomba peke yake. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umeanza kuingia, aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitangaza kwamba katika vifurushi vya chakula kwa watu maskini angeweka pia chupa ndogo za konyagi ya Kifaransa aina ya Hennessy, akisema ni kitakasa koo. Kampuni yenyewe, ambayo kwa kawaida haina sababu ya kuwakataza watu wasinywe bidhaa yake, ililazimika kutoa taarifa kwamba kinywaji chake wala kileo kingine chochote hakimkingi mtu na virusi. Wakati huohuo nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe ya sumu ya methanoli, na wengi walikuwa wamesikia uvumi kwamba pombe inazuia korona. Kitakasa mikono kilikuwa kila mlangoni, na watu wakafikiri kilichofaa viganjani kitafaa na tumboni.

Sasa tuifuate pombe yenyewe njiani, maana inapoharibu kinga haiharibu mahali pamoja.

Matumbo ndiyo mahali pa kwanza, na kwa maoni yangu ndipo penye habari kubwa kuliko zote, ingawa watu wengi hudhani habari ya pombe huanzia kwenye ini. Ukuta wa utumbo ni safu moja tu ya seli zilizoshikana bega kwa bega. Upande mmoja wa ukuta huo wamo bakteria kwa matrilioni, na upande wa pili iko damu. Pombe, pamoja na asetaldehaidi inayotokana nayo inapovunjwavunjwa, hulegeza viungio vinavyozishikanisha seli hizo, na ukuta huanza kuvuja. Bakteria wazima si lazima wapite; vipande vya kuta zao vinatosha. Vipande hivyo, ambavyo wataalamu huviita endotoksini, huingia katika mshipa unaokusanya damu ya matumbo na kuipeleka moja kwa moja kwenye ini. Humo wamo walinzi wanaoitwa seli za Kupffer, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876, na kazi yao ni kumeza takataka zinazotoka matumboni kabla hazijasambaa mwilini.

Mtu anayekunywa kila siku huwa anawapigia walinzi hao kengele ya hatari kila siku. Nao huitika: wanamwaga kemikali za kuitana, zile ziitwazo sitokini, na ini linaingia katika uvimbe usiokoma. Mtu asiyejua angesema hiyo ni dalili ya kinga iliyo imara. Sivyo. Kijiji ambacho yowe hupigwa kila usiku bila mwizi kuonekana, mwishowe watu huacha kutoka majumbani. Ndivyo inavyokuwa kwa mnywaji wa muda mrefu: mwili wake unaungua polepole kwa uvimbe usio na kazi, huku mdudu wa kweli anapoingia ukichelewa kuitika. Watu hupenda kusema pombe inashusha kinga, nami nimesema hivyo mara nyingi, lakini kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli, kwa kuwa kinga hiyohiyo inapandishwa pasipotakiwa na kushushwa inapohitajika.

Ipo pia tofauti kati ya ulevi wa usiku mmoja na ulevi wa miaka. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo walilofanya kwa vijana 15 wenye afya njema, waliopewa vodka ya glasi ndogo nne au tano kwa kadiri ya uzito wao. Damu yao ilichukuliwa dakika 20 baada ya kulewa, na ikachukuliwa tena baada ya saa mbili na baada ya saa tano. Kipimo cha kwanza kilionyesha chembe nyeupe zimeongezeka, kana kwamba jeshi limepewa amri ya kutoka kambini. Vipimo vya saa mbili na saa tano vilionyesha kinyume chake: aina mbili muhimu za chembe hizo zilikuwa zimepungua katika damu, zikiwemo zile zinazoua seli zilizovamiwa na virusi. Watu 15 ni wachache, na mimi sipendi kujengea nyumba juu ya nguzo moja, lakini jaribio hilo linanisaidia kumwelewa kijana anayeniambia kwamba akipiga glasi moja anajisikia mwili umechangamka na mafua yamekimbia. Huenda katika zile dakika 20 anasema kweli. Saa zinazofuata hazisimulii, kwa sababu amelala.

Nikifika kwenye mapafu niko nyumbani. Njia ya hewa imetandikwa vinyweleo vidogo sana vinavyopiga mawimbi mchana na usiku ili kupandisha juu kamasi iliyonasa vumbi na vijidudu. Mnywaji wa siku nyingi vinyweleo vyake huwa vizito kuitika, hata pale vinapochokozwa. Mlevi aliyelala fofofo hupoteza pia ule mshtuko wa koo unaomfanya mtu apaliwe na kukohoa, kwa hiyo mate na matapishi yenye bakteria wa kinywani huteremka mapafuni bila kuzuiwa, na ndiyo sababu nimonia kali ni ugonjwa wa kawaida kwa walevi tangu zamani. Daktari Mmarekani Benjamin Rush aliandika kuhusu wanywaji na maradhi ya kuambukiza tangu mwishoni mwa karne ya 18, kabla dunia haijajua bakteria ni kitu gani.

Chini kabisa, ndani ya vifuko vya hewa, wamo makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yake ni kutambaa na kumeza kila mgeni. Seli hizo huishi katika utando mwembamba wa majimaji wenye kinga yake ya asili inayoitwa glutathioni, ambayo huzuia zisiunguzwe na hewa ya oksijeni zinayofanyia kazi. Watafiti waliopima majimaji hayo kwa wanywaji wa kupindukia, watu ambao mapafu yao yalionekana mazima kwenye picha, walikuta kiasi cha glutathioni kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Makrofaji aliyenyimwa kinga hiyo bado yupo, bado anahesabika ukimtazama kwa hadubini, ila humeza polepole na anachomeza hakiui vizuri.

Na hapo ndipo anapoingia yule kijiti chekundu. Kifua kikuu ni ugonjwa wa ajabu kwa kuwa mwili mara nyingi haumuui mdudu wake, bali humfunga. Makrofaji humzunguka, chembe nyingine nyeupe huja kuwazunguka makrofaji, na wote kwa pamoja hujenga kijumba cha mviringo ambamo bakteria hukaa kama mfungwa, pengine kwa miaka 40. Karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa mdudu huyo, na walio wengi, tisa katika kila kumi au zaidi, hawaugui kamwe. Gereza hilo halijengwi mara moja likaisha. Linahitaji askari wa zamu kila siku, na askari hao huwasiliana kwa sitokini zilezile ambazo pombe huzivuruga. Zamu ikilegea, mfungwa hutoka. Mjomba huenda alimvuta mdudu wake akiwa kijana, katika nyumba ya jirani aliyekuwa mgonjwa, akatembea naye nusu ya maisha yake bila habari.

Ni kiasi gani basi kinacholegeza zamu? Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wanaokunywa zaidi ya gramu 40 za alkoholi kwa siku, au wenye ugonjwa wa ulevi, wana hatari ya kupata kifua kikuu karibu mara tatu ya wengine. Gramu 40 zinasikika nyingi mpaka uzipeleke baa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye ukali wa asilimia 5 ina karibu gramu 20. Chupa mbili, umefika. Chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55 peke yake. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku viroba, zile pombe za mifuko ya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilipunguza urahisi wa kununua kwa sarafu chache, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini hesabu ya gramu haibadiliki kwa kubadilisha mfuko kuwa chupa. Mbege, pombe yetu ya Kichagga, siwezi kuipigia hesabu ya namna hiyo, kwani ukali wake hutegemea ndizi, ulezi, na siku ilizochachuka, na kila mpishi ana mkono wake. Ninachoweza kusema ni kwamba alkoholi iliyomo ni ileile ya bia na ya mvinyo, na seli hazijui kama imetoka kwenye ndizi za nyumbani au kwenye zabibu za Ufaransa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 10.6 waliugua kifua kikuu duniani, na kati yao karibu 730,000 waliugua kwa sababu inayohusishwa na matumizi mabaya ya pombe. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya wale waliohusishwa na sigara. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikikaa hadubini saa nne kwa siku, ningebashiri kinyume.

Niseme neno kuhusu kata, kile kibuyu cha kunywea mbege, kwa kuwa jambo hili huzua ubishi kila ninapolizungumza nyumbani. Watu wa afya wa zamani waliwatisha wazee kwamba kifua kikuu huambukizwa kwa kunywea kata moja ya mbege inayozunguka. Kata haina kosa hilo. Mdudu huyu husafiri hewani, kwa kukohoa, kuimba na kuongea kwa sauti, na hubaki akielea katika chumba kisicho na madirisha. Kosa ni la kilabu chenyewe: chumba kidogo, mlango mmoja, moshi, watu 30 wamekaa magoti kwa magoti kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku, mmoja wao anakohoa, na walinzi wa mapafu ya wote wako nusu usingizini. Pombe hapo imefanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja, imewakusanya watu mahali ambapo hewa ni mbovu na imewalegezea kinga ya kuipokea. Nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu katika vilabu vyetu, ningetoboa madirisha kabla ya kuwanyang'anya watu kata zao. Najua wapo madaktari watakaonikasirikia kwa kauli hiyo.

Mjomba alikubali kupimwa mwezi Januari, baada ya kukohoa damu. Kijiti chekundu kilikuwepo, tena kwa wingi. Mlima wetu, kwa namna ya kejeli, ndio wenye mbege na ndio wenye Kibong'oto, hospitali ya maradhi ya kuambukiza ambayo historia yake ya kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu inaanzia mwaka 1926. Lakini siku hizi wagonjwa walio wengi hutibiwa karibu na kwao, na mjomba alianzishiwa dawa katika kituo cha jirani, miezi miwili ya dawa nne na miezi minne ya dawa mbili, shangazi akiwa msimamizi wa kumtazama akimeza.

Hakuacha pombe. Aliipunguza mbele yetu na kuiendeleza karakanani. Katika wiki ya tano macho yake yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akakataa chakula. Dawa tatu kati ya zile nne za mwanzo zinaweza kulidhuru ini, na mtu akizimeza juu ya pombe ya kila siku, hatari hiyo huongezeka. Ikabidi dawa zote zisimamishwe, ini lipoe, kisha zirudishwe moja baada ya nyingine huku damu ikipimwa. Kila siku ambayo mgonjwa hanywi dawa ni siku ya mapumziko kwa mdudu. Nilimkasirikia sana wakati ule. Baadaye nilielewa kwamba sisi wote tulimwambia "usinywe" bila yeyote kukaa naye na kumweleza kwamba ini lake lilikuwa tayari linapigana vita nyingine, ile ya endotoksini za kila usiku, kabla hatujaliongezea mzigo wa vidonge.

Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi habari ina upande wake mwingine. Wengi huruka dozi siku wanayokunywa, kwa kuamini kwamba dawa ikikutana na pombe inageuka sumu. Kuruka dozi ndiko kunakompa kirusi nafasi ya kuzaliana na kuwa sugu. Mtu aliyekunywa ameze dawa zake kwa saa yake, na suala la pombe alipeleke kwa mhudumu wake wa kliniki bila kuona haya.

Nisijifanye kwamba ushahidi wote umeelekea upande mmoja. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza, ambamo watu 391 walitiwa virusi vya mafua puani kwa makusudi. Miongoni mwa wasiovuta sigara, waliokuwa wakinywa kwa kiasi waliugua mafua kidogo kuliko wasiokunywa kabisa. Nimeletewa habari hiyo mara kadhaa na marafiki wanaotafuta wakili. Jibu langu ni kwamba jaribio lenyewe lilikuwa zuri, lakini waliokunywa kwa kiasi hawakupangiwa kunywa na watafiti. Walikuwa tayari wanaishi hivyo, na mtu anayeweza kuishia kwenye glasi moja huwa na mambo mengine mengi yaliyonyooka katika maisha yake. Pia mafua si kifua kikuu wala nimonia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, likitegemea zaidi ushahidi wa saratani, kwa kuwa vileo vimo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Kwa kinga ya mwili peke yake, ningesema kwamba tatizo kubwa liko kwa anayekunywa kila siku na anayekunywa mpaka aanguke, na sitamtisha bibi anayeonja nusu kata kwenye harusi ya mjukuu.

Jambo linalonipa moyo kuliko yote ni kwamba kinga hurudi, tena mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa utumbo huanza kuziba ndani ya wiki chache za kuacha. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Denmark, mwaka 1999, kwa watu 42 waliokuwa wakinywa sana na waliokuwa wakisubiri upasuaji wa utumbo mpana. Nusu yao walisaidiwa kuacha pombe kwa mwezi mmoja kabla ya kupasuliwa, wengine wakaendelea na maisha yao. Matatizo baada ya upasuaji, yakiwemo ya kuambukizwa vijidudu, yaliwapata asilimia 74 ya walioendelea kunywa na asilimia 31 tu ya walioacha. Mwezi mmoja, baada ya miaka mingi ya kunywa.

Tahadhari moja lazima niiweke hapa, kwani nimeona ikipuuzwa. Mtu ambaye mikono inamtetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Hospitali zina dawa za kumvusha mgonjwa siku hizo, na kwenda kuziomba si aibu.

Mjomba alivushwa kwa namna hiyo alipolazwa kwa ajili ya ini. Alipotoka, dawa zikaanza upya na miezi ikahesabiwa tena kutoka mwanzo. Shangazi alikuwa akimtengenezea togwa, ambayo aliinywa kwa kibuyu kilekile na kwa kulalamika kulekule, akisema ni uji wa watoto. Uzito ulirudi kwanza, kisha sauti, kisha ubishi. Katika mwezi wa mwisho wa matibabu alitoa makohozi kwa shida, kwa kuwa hakuwa na kikohozi tena, na mwenzangu wa kituo kile alinialika nikae kwenye hadubini yake. Kanuni inataka msomaji apitie maeneo 100 ya kioo kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, akiniuliza kila dakika kama nimewaona. Nilipitia maeneo 100, yote ya buluu, kisha bila kuombwa na mtu nikarudisha kioo mwanzo nikapitia mengine 100.